Bawabu, zamu na planton: asili na maana ya majina ya mngoja mlango

Mwanafunzi wa tafsiri akutanapo na neno la Kifaransa «concierge» hufungua kamusi, na kamusi humpa neno «bawabu». Jibu hilo ni sahihi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imelipokea neno hilo, na waliotafsiri Biblia walikwisha kulitumia kabla yake: katika tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, mwenye Zaburi ya 84 anatamani kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wake, na katika mlango wa kumi wa Injili ya Yohana bawabu ndiye amfunguliaye mchungaji. Lakini mwanafunzi huyo akitoka na kamusi yake kwapani hadi mlangoni pa jengo la ghorofa mjini Bukavu, akamwita mtu aliyeketi pale kwa jina la bawabu, hataitikiwa. Mtu yule anajijua kwa jina la zamu. Akishuka hadi Lubumbashi atasikia zaidi «sentinelle», na akiingia katika ofisi za serikali atamkuta «planton» au «huissier». Kazi inaonekana kuwa moja, kumbe majina ni mengi, na kila jina limefika mlangoni hapo kwa njia yake.

Yafaa kuanza na bawabu, kwa sababu historia yake ni nyofu. Kwa Kiarabu «bāb» ni mlango, na «bawwāb» ni mtu ambaye mlango ndiyo kazi yake. Kiarabu hujenga majina mengi ya watenda kazi kwa kuikaza konsonanti ya kati ya mzizi na kuirefusha irabu inayofuata, na majina ya namna hiyo yameingia katika Kiswahili pamoja na biashara ya pwani: «dallāl» limekuwa dalali, «ḥammāl» limekuwa hamali. Kiswahili hakikukubali mkazo ule wa konsonanti, wala hakikukubali neno lishie kwa konsonanti. Hivyo kikaondoa kimoja na kuongeza kingine. Irabu inayoongezwa mwishoni haichaguliwi ovyo: baada ya konsonanti za midomo huja «u», kama katika kitabu, sababu, salamu na kalamu, na baada ya nyingine nyingi huja «i», kama katika dalali na hamali. Ndiyo maana anasemwa bawabu, wala si bawabi. Kwa wingi huitwa mabawabu, sawa na madalali na mahamali. Neno «babu», mzazi wa mzazi, halina udugu wowote na neno hili, ingawa watoto wa shule hupenda kuyaunganisha.

Mzizi wenyewe ni mkongwe kuliko Uarabu unaojulikana na historia. Kwa Kiakadi, lugha ya Mesopotamia ya kale, «bābu» ni lango, na Waakadi wenyewe walilieleza jina la mji wa Babeli kuwa ni «lango la mungu». Katika Kiarabu «bāb» limepanuka likawa pia sehemu ya kitabu, na mwambao ulilifuata kwa tafsiri: vitabu vya kale vya Kiswahili vilihesabu sura kwa kusema mlango wa kwanza, mlango wa pili. Bāb el-Mandeb, ule mlango wa bahari utenganishao Uarabuni na Afrika, umepata jina kwa wazo lilo hilo.

Maana nyingine ya mlango, hata hivyo, haikutoka kwa Waarabu. Watu wa mlango mmoja ni watu wa ukoo mmoja. Na katika Kinyarwanda na Kirundi «umuryango» ni mlango wa kuingilia, tena ni jamaa na ukoo. Hili ni wazo la Kibantu, na ni la kukumbukwa hapa, kwa sababu linaonyesha kwamba mtu anayewekwa mlangoni pa nyumba ya watu wengine hakuwekwa mahali pa mpito tu. Amewekwa pale ambapo jamaa yatengana na wasio jamaa. Kwa kawaida yeye mwenyewe si wa jamaa hiyo.

Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni hufikia kwanza daka, yaani ukumbi wa nje wenye viti vya kujengea, kisha tekani, kibaraza cha ndani ambacho kimejengwa kwa mpindo ili jicho la mpita njia lisifike uani. Unguja nako milango mikubwa ya nakshi ilifunguliwa kwa heshima, na mara nyingi katika ubao wake mmoja kulikuwa na kijilango kidogo cha kupitia mtu mmoja mmoja akiinama. Usanifu huu unamtaka mtu. Anatakiwa ajue nani aingie hadi wapi, nani aketi barazani apewe kahawa, nani aambiwe kwamba bwana hayupo hata kama sauti yake yasikika. Katika nyumba za matajiri wa karne ya 19 kazi kama hizo ziliangukia watumwa, na baada ya hati ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja, wengi wa waliokuwa watumwa walibaki katika kazi zile zile kwa ujira au kwa hisani. Jina la bawabu halikubadilika kwa sababu halikuwa limetaja hadhi ya mtu. Lilitaja mlango tu.

Lugha nyingine zimefanya hivyo hivyo, na ulinganisho huu unastahili nafasi. Kwa Kilatini «ianua» ni mlango na «ianitor» ni mngoja mlango. Huko Roma alikuwa mtumwa, na pengine alifungwa mnyororo mahali pake pa kazi. Mshairi Ovid, katika kitabu cha kwanza cha mashairi yake ya mapenzi, anamsihi bawabu wa namna hiyo amfungulie, na anamwita aliyefungwa kwa mnyororo. Kutoka hapo Kiingereza kimepata neno «janitor», ambalo huko Marekani limeuacha mlango na kushika ufagio: sasa ni mtu wa kufagia na kutengeneza jengo. Kifaransa cha kale kina «huis», mlango, na kutoka kwake «huissier». Kina pia «portier», kutoka «porte». Kanisa Katoliki nalo lilikuwa na «ostiarius», kutoka «ostium», mlango, na hicho kilikuwa daraja la kwanza kati ya madaraja madogo. Waseminari wa Kongo walilipokea kama wenzao wa kwingineko, wakikabidhiwa funguo na kugusishwa kamba ya kengele, mpaka Papa Paulo wa Sita alipoyaondoa madaraja hayo mwaka 1972. Ni nadra kazi ya mlangoni kupewa kiasi hicho cha heshima.

«Concierge» peke yake ndilo lisilotaja mlango. Wengi wa wanaisimu wa Kifaransa hulirudisha kwa Kilatini «conservus», mtumwa mwenza, kwa kupitia umbo lisiloandikwa popote. Ile hadithi ya «comte des cierges», mkuu wa mishumaa, ni ngano ya kupendeza isiyo na ushahidi. Neno lilikuwa cheo kikubwa zamani: «concierge» wa jumba la mfalme mjini Paris alikuwa na mamlaka juu ya jengo na wakazi wake, na sehemu aliyoitawala ikaitwa Conciergerie, ambayo baadaye ilikuwa gereza alimofungwa Malkia Marie-Antoinette mwaka 1793. Cheo kikashuka hatua kwa hatua hadi kikafika chumba kidogo chini ya ngazi.

Bawabu wa Kiarabu naye amepata maisha mapya mijini. Katika majengo ya ghorofa ya Cairo «bawwāb» huishi chumba cha chini, hupokea mizigo, huosha magari, hujua habari za wapangaji wote. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilishikwa hasa na Wanubi. Lango lililowatoa kwao lilikuwa la maji: bwawa la Aswan lilimalizika mwaka 1902, likainuliwa mara mbili, mwaka 1912 na 1933, na kila lilipoinuka mashamba ya mto yalizama na wanaume wakashuka mjini kutafuta ujira. Lile Bwawa Kuu lilipojengwa, wale waliobaki wakahamishwa mwaka 1963 na 1964 hadi Kom Ombo. Hivyo watu waliopoteza milango yao wenyewe wakawa walinzi wa milango ya wengine.

Huku Kongo neno bawabu lilifika kwa njia ya kitabu, si kwa njia ya mlango. Lipo katika Biblia, lipo katika kamusi, lipo darasani. Kiswahili kilipopenya Maniema pamoja na misafara ya akina Hamed bin Muhammad, aitwaye Tippu Tip, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Nyangwe na Kasongo zilikuwa na nyumba na nyua za mabwana wa pwani. Lakini neno lililokita mizizi katika usemi wa watu wa mashariki halikuwa lile la mlango. Lilikuwa neno la saa.

«Zamu» katika Kiswahili cha pwani ni awamu ya kazi, na hasa awamu ya ulinzi: watu hushika zamu, huwekwa zamu, hufanya kazi kwa zamu. Injili ya Luka kwa Kiswahili inawaweka wachungaji wa Bethlehemu wakilinda kundi kwa zamu, na Mathayo anaugawa usiku katika zamu nne. Asili yake ni baharini. Mabaharia wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi walipima safari kwa «zām»: zām moja ni mwendo wa saa tatu, na usiku na mchana pamoja ni zām nane. Ahmad ibn Majid, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu na mwaka 1490, na Sulaiman al-Mahri aliyemfuata mwanzoni mwa karne ya 16, wanahesabu umbali kati ya bandari na bandari kwa zām. Na ng'ambo ya bahari hiyo hiyo, katika Kisanskriti, «yāma» ni sehemu ya nane ya usiku na mchana, yaani saa tatu vilevile. Usiku wenyewe huitwa «triyāmā», wenye yāma tatu. Katika lugha za India zilizotokana na Kisanskriti «y» ya mwanzo hugeuka «j» mara nyingi, na kutoka «jāma» hadi «zām» si safari ndefu. Maana ikiwa moja, kipimo kikiwa kimoja na bahari ikiwa moja, ni vigumu kuukataa udugu wa maneno haya mawili. Waswahili waliongeza «u» baada ya «m», kwa kanuni ile ile iliyowapa bawabu.

Neno lilipandaje bara? Chombo na msafara vinafanana kwa jambo moja: vyote vinalala mahali pasipo na kuta. Kambi ya wapagazi ilikuwa na mizigo ya nguo, shanga na pembe, na usiku ilihitaji watu wa kukesha kwa kupokezana. Dola Huru ya Kongo ilipoanza kuunda jeshi lake katika miaka ya 1880, miongoni mwa askari wa kwanza walikuwamo watu walioajiriwa Unguja. Wajerumani nao, waliotawala Rwanda na Burundi mpaka mwaka 1916, waliamrisha askari wao kwa Kiswahili. Amri za jeshi ndizo husafiri mbali kuliko maneno mengine, kwani huadhibiwa asiyezielewa.

Ndipo likatokea badiliko ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Mahali fulani kati ya kambi na mji, «mtu wa zamu» akafupishwa akawa «zamu». Jina la awamu likawa jina la mtu. Katika Kinyarwanda na Kirundi badiliko hilo limekamilika kabisa, hata neno likapewa kiambishi cha watu: umuzamu, abazamu. Si tukio la pekee. Katika lugha hizo hizo askari jeshi anaitwa «umusirikare», neno lililotokana na «serikali» (ambalo asili yake ni Kiajemi, «sarkār», mkuu wa kazi). Askari wa serikali alipoteza neno la kwanza akabaki na lile la bwana wake. Mtu wa zamu alipoteza utu wake katika sarufi akabaki na saa zake. Kivu, iliyo jirani, imepokea matumizi hayo, na wingi wake husemwa «bazamu».

Hapa pana jambo ambalo kamusi haiwezi kulionyesha. Zamu, kwa maana yake ya asili, ni kitu kinachopita. Baharia hushika zamu akijua kwamba saa tatu zikiisha mwenzake ataamshwa. Neno limebeba ndani yake ahadi ya kupokezana. Lakini mlinzi wa nyumba katika miji ya mashariki, ambaye neno hilo limemganda, mara nyingi ni mtu mmoja tu, jioni hadi asubuhi, siku saba za juma, bila wa kumpokea. Ameitwa kwa jina la kile asicho nacho.

Mji wa kikoloni ndio uliomtengeneza mtu huyu. Katika miji ya Kongo ya Ubelgiji mtaa wa Wazungu ulitengwa na mitaa ya Waafrika. Mjini Elisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910, kipande cha ardhi kisichojengwa kiliachwa katikati makusudi. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuzunguka upande wa Wazungu bila kibali. Hata hivyo nyumba za upande huo zilihitaji kulindwa usiku, na aliyelinda alikuwa Mwafrika. Hivyo mtu pekee mweusi aliyekuwa na haki ya kuwa macho pale gizani ni yule aliyewekwa kuwazuia weusi wenzake. Vibanda vya nyuma ya bustani, vilivyoitwa «boyerie» kwa Kifaransa cha huku, vilikuwa vya mpishi na mtumishi. Mlinzi alikuwa na kiti, moto wa mkaa na geti. Historia ya watu wa nyumba hizo haikuandikwa na waliozimiliki. Iko katika kitabu kidogo kilichotungwa kwa Kiswahili cha Katanga na André Yav mwaka 1965, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, juu ya mji wa Elisabethville, na ambacho Johannes Fabian alikitoa upya pamoja na tafsiri mwaka 1990. Atakaye kujua mji ulivyoonekana kutoka jikoni na getini, kuliko kutoka sebuleni, hana chanzo bora zaidi.

Majina mengine mawili ya Kikongo yanaweza kupitiwa kwa haraka. «Sentinelle» ni neno la jeshi lililohamia raia, na halihitaji maelezo mengi. «Planton» lina ladha zaidi. Limetokana na «planter», kupanda, kusimika: katika jeshi la Ufaransa aliyekuwa «de planton» alikuwa askari aliyesimikwa karibu na ofisa kungoja amri. Serikali za kikoloni zikalitwaa kwa tarishi wa ofisi, yule aketiye ukumbini mpaka kengele ilie. Huyu kwa jina amepandwa kama mche, ilhali kutwa anatumwa. Na «huissier», ambaye katika mahakama ni ofisa wa kupeleka hati, katika ngazi za utumishi wa serikali ya Kongo ni daraja la chini kuliko yote. Mlango wa kale umo ndani ya jina lake, ingawa wachache wausikia.

Je, mfasiri na mwalimu wamfuate nani? Kuna wanaosema kwamba zamu kwa maana ya mtu ni kosa la wasiosoma, na kwamba mwanafunzi lazima aandike bawabu au mlinzi. Hoja hiyo ni dhaifu. Kupanuka kwa zamu kumefuata njia inayojulikana, na Kiswahili sanifu chenyewe huikanyaga kila siku: katika mpira wa miguu mtu wa golini ni mlinda mlango, mlango ukiwa umekuwa goli, na hakuna mwalimu anayelalamika. Ajabu ni kwamba Kinyarwanda humwita mchezaji huyo huyo umuzamu. Wale waliopita njia ya mlango na wale waliopita njia ya saa wamekutana kati ya miti miwili ya goli. Maneno mawili basi yabaki, kila moja na kazi yake: bawabu kwa mwenye kuujua mlango na waingiao, mfano wa Cairo au wa hoteli, zamu kwa mwenye kukesha. Kulifuta la pili katika insha za wanafunzi wa Kivu ni kuwanyima jina la mtu ambaye wanampita kila jioni.

Kwa upande wa sarufi, upatanisho wa neno hili bado unawatatiza wanafunzi, na mfano mmoja unatosha. Katika ngeli yake ya asili zamu hupatanishwa kama vitu, lakini likiwa mtu hupatanishwa kama watu, isipokuwa kimilikishi, ambacho hubaki kile kile kama katika «rafiki yangu» na «ndugu yangu». Kwa hiyo «zamu yangu» ina maana mbili, na ni kitenzi peke yake kinachozitenganisha. «Zamu yangu amefika» husemwa na mwenye nyumba aonapo geti limefunguliwa jioni. «Zamu yangu imefika» husemwa na mfanyakazi ambaye yupo mwenzake wa kumpokea.